Chachu ya dani na chachu ya Mwingereza

Wasomaji wangu, nimekuwa kimya kwa wiki kadhaa kwa sababu ya kazi, na leo nilipaswa kuleta sehemu ya pili ya makala ya hifadhidata. Itabidi isubiri. Binamu yangu anayeishi Leicester alinipigia simu na swali ambalo limenikosesha usingizi kwa siku nne.

"Omera," akasema, "nakuja Disemba. Nina paketi tatu za hamira ya bia. Nataka kupika bia ya Kiingereza hapo nyumbani Seme. Niambie ni ipi itakayofaa kwa joto la huko."

Mimi kazi yangu ni kuandika programu. Lakini katika ukoo wetu mtu akishasomea kompyuta chuo kikuu, basi anadhaniwa anajua kutengeneza redio, kupanga dishi la televisheni na sasa kupika pombe. Nikamwambia asome majina ya paketi. Ya kwanza Nottingham, ya pili Windsor, ya tatu Voss. Nikamwambia nitamjibu baada ya siku moja. Nilidhani ni suala la kulinganisha jedwali tatu tu, kama mtu anayechagua kadi ya kumbukumbu. Kumbe lilikuwa suala la historia, na historia yenyewe inapita mlangoni kwa dani yetu.

Tuanze na jambo ambalo mimi mwenyewe sikulijua. Nilidhani hamira ni hamira. Kumbe bia za Kiingereza ziitwazo ale, mkate wa dukani na busaa zote zinatumia chachu ya spishi moja, Saccharomyces cerevisiae. Fikiria Linux. Kiini ni kimoja, lakini Debian si Slackware, na anayezitumia zote mbili anajua tofauti tangu dakika ya kwanza. Chachu nayo ina matoleo yake. Toleo moja linakula sukari yote na kuacha bia kavu, jingine linabakiza utamu. Moja likimaliza kazi linashikana madonge na kuzama chini, bia inabaki angavu, na jingine linaelea kwa wiki nzima. Moja linatoa harufu ya tufaha, jingine harufu ya karafuu. Wapishi wa bia wanasema kimea na maji ni mwili, chachu ndiyo tabia.

Nani aliyaandika matoleo hayo? Hakuna aliyekaa chini akayaandika, na hapo ndipo niliponogewa.

Wapishi wa bia wa Uingereza kwa karne nyingi hawakujua chachu ni kitu gini. Walijua tu kwamba bia ikichemka, povu zito hupanda juu ya pipa, na kwamba ukichota povu hilo ukalitia katika bia ya kesho, nayo itachemka. Basi kila wiki walichota, wakatia, wakachota, wakatia. Iliyoelea vizuri ilichotwa, iliyozama mapema ilimwagwa. Bia ikiharibika, walikwenda kuomba povu kwa jirani. Rudia hivyo mara elfu kadhaa na utapata chachu iliyosahau msitu kabisa, kama vile kuku alivyosahau kuruka.

Mwaka 2016 watafiti wa Leuven, Ubelgiji, pamoja na wenzao walichapisha katika jarida la Cell uchambuzi wa jenomu za chachu 157 za viwandani. Waliona kwamba chachu nyingi za bia zimepoteza uwezo wa kutengeneza harufu ile ya karafuu na moshi ambayo chachu za porini huwa nayo, kwa sababu jeni zake zimevunjika. Zikaongeza uwezo wa kula maltotriozi, sukari ya kimea ambayo chachu ya porini haiigusi sana. Kwa hesabu yao, ufugaji huo ulianza karibu na mwisho wa karne ya 16 au mwanzo wa 17. Yaani zamani kabla ya mtu yeyote kujua kwamba anafuga kitu.

Kujua kulikuja mwaka 1871. Louis Pasteur, akiwa bado na hasira za Ufaransa kupigwa na Wajerumani, aliamua kuboresha bia ya Kifaransa ili kumkomoa adui (sababu nzuri kama nyingine yoyote ya kuanzisha utafiti). Alikwenda London, kwenye kiwanda cha Whitbread, akaomba kuona chachu yao kwa hadubini. Akawaambia wenyeji wake waziwazi kwamba chachu hiyo ina matatizo, imejaa vijidudu vingine. Hawakufurahi, lakini aliporudi baada ya siku chache alikuta wamenunua hadubini yao. Mwaka 1883, kwenye maabara ya Carlsberg huko Copenhagen, Emil Christian Hansen alifanikiwa kukuza chachu kutoka seli moja tu, safi, bila mchanganyiko. Na mwenye kiwanda, J. C. Jacobsen, hakuificha. Aliwagawia wapishi wengine bure. Ndugu zangu wa programu huria, mmesikia?

Laga za dunia nzima zilifuata njia hiyo ya seli moja. Waingereza wengi walisita. Walisema ale zao zikipikwa kwa chachu safi hukosa kitu fulani. Walicheka sana mabingwa wa Ulaya bara, mpaka mwaka 1904 Niels Hjelte Claussen, naye wa Carlsberg, alipoeleza kwamba zile ale za kukaa muda mrefu ndani ya pipa zilikuwa na chachu ya pili iliyokuwa ikifanya kazi polepole baada ya ile ya kwanza kulala. Akaiita Brettanomyces, yaani fangasi wa Uingereza. Kwa hiyo ladha ya Kiingereza haikutoka kwa chachu moja. Ilitoka kwa kundi zima lililoishi kwenye mbao za mapipa.

Niliposoma habari ya mbao za mapipa, nikamkumbuka dani.

Dani alikuwa akipika kong'o. Sikuona mwenyewe mara nyingi, nilikuwa mdogo, lakini shangazi zangu wanakumbuka kila hatua na wanasahihishana kwa kelele. Unga wa mahindi au mtama unakorogwa na maji, unaachwa siku kadhaa mpaka uchachuke kabisa. Unakaangwa juu ya bati mpaka uwe chenga za rangi ya udongo. Kisha unatiwa kwenye chungu pamoja na maji na thowi, yaani wimbi lililooteshwa, likakaushwa, likasagwa. Baada ya siku chache kong'o inanguruma. Wazee wanakaa kuzunguka chungu, kila mmoja na oseke yake, ule mrija mrefu, na mambo ya ukoo yanaamuliwa hapo.

Nikauliza shangazi, hamira ilitiwa saa ngapi? Akanitazama kama niliyeuliza mvua inanunuliwa wapi. Hakuna hamira. Chungu kinajua.

Jibu la kisayansi si tofauti sana na la shangazi. Mwaka 1980 M. J. R. Nout alichapisha uchunguzi wa vijidudu vya busaa ya Kenya, ambayo ni pombe ya namna hiyohiyo. Alikuta Saccharomyces cerevisiae, akakuta chachu nyingine iitwayo Candida krusei, na bakteria wa asidi ya maziwa, wale wanaoipa ukali wake. Hakuna anayewatia kwa kijiko. Vijidudu hivyo hukaa kwenye nafaka iliyooteshwa na kwenye vyombo, na mpishi anachochagua ni kimea, chungu na siku. Dani alikuwa akichagua chachu kila wiki bila kuiona, sawasawa na yule mchotaji wa povu wa London. Tofauti ni kwamba povu la London lilifika kwenye hadubini.

Nisiseme hivyo haraka, maana pombe yetu nayo ilifika, na hiki ndicho kisa kilichonifanya niache hifadhidata.

Mwaka 1893 Mjerumani aitwaye Paul Lindner, mtaalamu wa vijidudu wa Berlin, alikuwa akichunguza bia ya nafaka iliyotoka Afrika Mashariki. Ndani yake alikuta chachu ya ajabu. Chachu nyingi, ikiwemo ile ya ale, huzaa kwa kuchipua, mtoto anatoka ubavuni mwa mama kama kinundu. Hii ilikuwa ndefu kama kidonge na ilijigawa katikati, pande mbili sawa. Akaipa jina: Schizosaccharomyces pombe. Nusu ya kwanza ina maana ya chachu inayojigawa. Nusu ya pili ni neno letu, lilelile, bila kuongezwa wala kupunguzwa herufi.

Chachu hiyo ikawa maarufu kuliko bia yoyote. Kwa kuwa seli yake inakua kwa urefu tu na kujikata katikati, unaweza kujua umri wake kwa kuipima kama rula. Murdoch Mitchison, pale Edinburgh, aliitumia tangu miaka ya 1950 kuchunguza namna seli inavyokua. Paul Nurse akajifunza kazi hiyo huko Edinburgh katika miaka ya 1970, akapata jeni inayoiambia seli wakati wa kujigawa. Mwaka 1987 yeye na Melanie Lee walionyesha kwamba jeni ya binadamu ya kazi hiyo, ikitiwa ndani ya chachu yenye kasoro, inafanya kazi kama ya kwake. Kama programu wenzangu mnaelewa, ni sawa na kuchukua maktaba kutoka mfumo mmoja, kuiweka kwenye mfumo uliotengana nao miaka zaidi ya bilioni moja iliyopita, na ikaendesha bila kulalamika! Nurse alipata Tuzo ya Nobel mwaka 2001, pamoja na Tim Hunt na Leland Hartwell. Hartwell alitumia chachu ipi? Saccharomyces cerevisiae, spishi ya ale. Chachu ya Mwingereza na chachu yenye jina la pombe zilipanda jukwaa moja. Mwaka uliofuata, 2002, jenomu nzima ya S. pombe ilichapishwa, jeni zake hazifiki 5,000.

Lipo jambo moja linalonikera hapo, na sioni sababu ya kulificha. Toleo ambalo maabara nyingi za jenetiki zinalitumia leo halikutoka kwenye pombe yetu. Lilitoka kwenye maji ya zabibu huko Ulaya. Toleo la kutoka bia ya Afrika Mashariki lipo, Mitchison ndilo alilolitumia, na linahifadhiwa katika mkusanyo wa taifa wa chachu wa Uingereza, mjini Norwich, kwa namba NCYC 132. Mkusanyo huohuo umehifadhi mamia ya chachu za ale. Kiwanda cha Kiingereza kikiungua leo, kesho kinaweza kuandika barua Norwich na kurudishiwa chachu yake. Kwa lugha yetu, wana bakapu nje ya jengo.

Dani alikuwa na chungu kimoja.

Sasa linganisha miaka. Mwaka 1963, ule mwaka tuliopata uhuru, serikali ya Uingereza ilifuta leseni ya kupika bia nyumbani. Tangu hapo mtu wa Leicester anapika jikoni kwake anavyotaka, mradi asiuze, na ndiyo sababu kuna maduka yanayouza paketi kama za binamu yangu. Huku kwetu mambo yalikwenda upande mwingine. Klabu za busaa zilikuwepo na leseni zao, kisha mwishoni mwa miaka ya 1970 zikapigwa marufuku, na mwaka 1980 ikaja Sheria ya Kupiga Marufuku Chang'aa. Chang'aa ni ya kukenekwa, busaa ni ya kuchachusha tu, lakini askari anayepiga teke chungu haangalii kemia. Pombe haikuisha. Ilijificha. Na kitu kinachojificha kinapikwa haraka, kwenye pipa la bati, kwa hamira ya mkate ili kiive kabla ya msako, na mara nyingine kwa vitu ambavyo vimeua na kupofusha watu. Sheria ya Kudhibiti Vileo ya 2010 ilifuta ile ya 1980 na kuruhusu pombe hizi kwa masharti na leseni. Miaka thelathini. Chungu kisichotumika miaka thelathini ni chungu cha maji.

Sitaki kumfanya dani malaika. Kulikuwa na watoto waliokosa daftari kwa sababu baba yao alikuwa kwenye oseke, na shangazi mmoja hataki hata kuisikia harufu ya thowi kwa sababu hiyo. Lakini kong'o ndiyo iliyolipa karo ya baba yangu. Yote mawili ni kweli na sijui kuyatoa moja kwa jingine.

Upande wa viwanda nao ulikuwa na chachu yake. Kenya Breweries ilianzishwa mwaka 1922. Bia tunayoijua kutoka hapo ni laga, na chachu ya laga ni chotara, mzazi mmoja ni chachu ya ale, mwingine ni chachu ya baridi ambayo mwaka 2011 ilitangazwa kupatikana kwenye misitu ya Patagonia. Kiwanda cha Kisumu kilifungwa mwanzoni mwa miaka ya 2000, mji ukaumia, kisha kikajengwa upya kwa mradi uliotangazwa kuwa wa Ksh bilioni 15 na kufunguliwa mwaka 2019, kupika Senator. Wakulima wa mtama wa magharibi walifurahi na mimi sina ugomvi nao. Nafaka ya dani imerudi kazini. Chachu ya dani haikuitwa.

Nilikuwa karibu kufunga kompyuta na kumjibu binamu yangu kwa huzuni, ndipo nikaitafuta ile paketi ya tatu.

Voss ni sehemu ya Norway. Wakulima wa huko walikuwa wakipika bia zao kwa chachu za ukoo, wanaziita kveik, wakizikausha kwenye mbao au pete za mti na kurithishana. Viwanda havikuzijua, wasomi wengi walidhani zimekwisha. Aliyezitangaza duniani ni Lars Marius Garshol. Kazi yake? Mhandisi wa programu! Alikwenda shamba kwa shamba, akaketi na wazee, akaandika kila hatua kwenye tovuti yake, baadaye kwenye kitabu mwaka 2020. Chachu ya Sigmund Gjernes wa Voss ilipelekwa Norwich kuchunguzwa. Walichokuta ni matoleo kadhaa yanayoishi pamoja, kama chungu chochote kinachojiheshimu. Moja sasa linauzwa kwa paketi, na ndiyo hiyo iliyo kwenye begi la binamu yangu. Nilikaa nikiitazama skrini kwa muda. Mtu wa kazi kama yangu, mwenye kompyuta kama yangu.

Haya, jibu la binamu. Kisumu iko mita 1,130 hivi juu ya bahari, mchana joto linafika nyuzi 28 hadi 30, na banda la Seme lenye bati linazidi hapo. Chachu za ale za Kiingereza zinapenda kama nyuzi 18 hadi 22. Zikipata 29 zinakimbia kama mbuzi waliofunguliwa, zinatoa harufu kali ya matunda na ule ulevi wa moto unaopasua kichwa asubuhi. Windsor haili maltotriozi, hivyo inaacha bia nzito yenye utamu, ambayo ndiyo anayoitaka. Nottingham inakula karibu yote, inazama vizuri na inavumilia makosa zaidi. Nikamwambia akitaka Windsor, aweke chombo ndani ya karai la maji, akizungushie gunia lenye unyevu, aanze jioni na apate pahali pa kivuli kwa siku tatu za mwanzo, maana hizo ndizo zinazoamua ladha. Asipotaka kazi hiyo, atie Voss, inayochapa kazi hata nyuzi 35 na zaidi. Haitakuwa ladha ya Kiingereza kamili, ina harufu ya chungwa, lakini itanyweka. Na kabla ya yote hayo aulize habari ya leseni, kwa sababu sheria ya 2010 inataka leseni kwa mtengenezaji wa kileo, na sitaki kumtembelea korokoroni wakati wa Krismasi.

Akacheka. Kisha akauliza, "Na ya dani?"

Jumamosi nilinunua thowi sokoni Kibuye, kikombe kimoja. Nilichemsha maji na sukari kidogo, nikaacha yapoe, nikatia vijiko viwili kwenye chupa ya soda na kulegeza kifuniko. Siku ya pili asubuhi kulikuwa na povu, na harufu ambayo shangazi aliitambua akiwa bado mlangoni. Rafiki yangu anafundisha baiolojia katika shule ya upili na ana hadubini ya shule. Tuliweka tone moja chini ya lenzi. Kulikuwa na vijiti vidogo vya bakteria wengi sana, na katikati yao seli za mviringo zenye vinundu ubavuni, zikichipua. Tulitafuta kwa karibu saa nzima zile ndefu zinazojikata katikati, zenye jina letu. Hatukuziona.

Nimetia kijiko kimoja cha lile povu kwenye karatasi safi, nikalikausha kivulini, nikalifunga na kuandika tarehe. Liko kwenye jokofu, nyuma ya siagi. Shangazi anasema thowi ya Kibuye si kitu, ya kweli iko kwa mama mmoja huko Asembo, na kwamba twende naye kabla mvua hazijaharibu barabara. Mwenye habari za vyungu vya zamani upande wa Nyakach au Kano aniandikie. Hifadhidata wiki ijayo, Mungu akipenda.